SOMO LETU: Kabla ya Kufomati Diski ya Ofisi

Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huliachia fundi peke yake, yaani mfumo wa faili wa kompyuta. Jina ni geni lakini kazi yake si ngeni. Ni utaratibu ambao kompyuta inautumia kuweka kazi zetu ndani ya diski na kuzipata tena tukizihitaji. Ukichaguliwa vibaya, hamtaona ubaya wake siku ya kwanza. Mtauona siku stima imepotea, au siku flashi imetoka safari na haisemi kitu.

Shabaha ya somo: Mkimaliza somo hili, kamati yenu iweze kujua diski gani inafaa mfumo gani, iweze kuandaa diski mpya kwa utaratibu, na iwe na mpango wa nakala kati ya vituo viwili.

1. Lililotupata sisi wenyewe

Tuanze na kosa letu. Wakati mmoja tulikuwa tunakusanya orodha ya visima na pampu za mkono upande wa Kakuma: kila pampu iko wapi, ilitengenezwa lini, kipuri gani kilibadilishwa, na nani anaitunza. Ilikuwa kazi ya miezi. Kompyuta tuliyotumia ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo kila kitu tulikiandika moja kwa moja kwenye flashi moja tu. Jioni moja jenereta ilizimika tukiwa bado tunahifadhi. Tukachomoa flashi, tukaitia mfukoni, na asubuhi tukapanda gari. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120.

Tulipofika, kijana wetu wa ofisi akaichomeka. Akaita, "Mama, imeandika ati diski inataka kufomatiwa kwanza. Niikubalie?"

Mama katibu alikuwa na wageni mlangoni. "Ikubalie tu, mwanangu, tumechelewa."

Kazi ya miezi ikaishia hapo. Hakukuwa na mwizi wala mafuriko. Ilibidi turudi kisima kwa kisima tukiuliza upya, na watu wakatushangaa: "Si mlikuja juzi mkaandika?" Wakati huo wote pampu zilizoharibika zilikuwa zinangoja vipuri, na kina mama wakiendelea kuchimba maji mchangani katika laga. Hatumlaumu kijana wala Mama katibu. Hakuna aliyekuwa amewafundisha, na sisi wengine pia hatukujua.

2. Mfumo wa faili ni nini?

Fikirieni ghala la chakula. Magunia ni kazi zetu: barua, orodha, picha, hesabu. Ghala limegawanywa vijumba vidogo vilivyo sawasawa, ambavyo mafundi huviita klasta. Faili ndogo huchukua kijumba kimoja. Faili kubwa huchukua vingi, na si lazima viwe jirani. Kwa hiyo lazima pawe na daftari mlangoni lenye kuonyesha kwamba orodha ya visima iko kijumba cha 12, cha 13 na cha 90. Daftari hilo pamoja na sheria zake ndilo mfumo wa faili.

Kufomati ni kuandika daftari jipya, tupu. Ukifomati kwa haraka, magunia bado yamo ndani kwa muda, ila daftari limesahau yaliko. Ndiyo maana fundi mwenye programu ya kuokoa faili anaweza kurudisha vitu vingi, mradi hakuna kitu kipya kilichoandikwa juu yake. Tungalijua hivyo siku ile tungaliiweka flashi kando. Badala yake tulianza kuijaza barua mpya siku iyo hiyo, tukafunika hata kile kilichosalia.

Mifumo mingine ina daftari la pili, dogo, ambalo sisi tutaliita daftari la shughuli. Kabla mwenye ghala hajahamisha gunia, anaandika kwanza: "Sasa nahamisha gunia hili kutoka kijumba cha 5 kwenda cha 40." Akiitwa ghafula kabla hajamaliza, atakayeingia baadaye anasoma na kumaliza kazi au kuirudisha ilivyokuwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, kompyuta inapowaka tena inafanya vivyo hivyo.

Lakini tuelewane hapa. Daftari la shughuli linalinda utaratibu wa ghala. Haliwezi kurudisha maneno uliyokuwa unayaandika ambayo hujayahifadhi. Hayo yanalindwa na betri, na mazoea ya kuhifadhi kila baada ya dakika chache.

3. Mifumo minne mtakayokutana nayo

FAT32. Ukoo wa FAT ulianza mwaka 1977 huko Microsoft, nyakati za disketi, na FAT32 yenyewe ilitoka mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba inasomwa karibu na kila mashine: kompyuta za aina zote, redio, televisheni, mashine za kuchapa. Ubaya wake ni kwamba faili moja haiwezi kufika GB 4. Unaweza kuwa na flashi ya GB 32 iliyo tupu kabisa, na bado ikakataa video ya semina yenye GB 5. Tena haina daftari la shughuli, wala haiwezi kusema nani aruhusiwe kufungua faili gani.

exFAT. Ilitoka mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kamera. Kadi za kamera zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja zikiwa na mfumo huu. Kile kikomo cha GB 4 hakipo. Inasomwa na kuandikwa na Windows, na Mac, na Linux pia, ambayo iliupokea rasmi mwaka 2019. Lakini nayo haina daftari la shughuli. Inafaa kwa kubebea, haifai kuwa ghala la pekee.

NTFS. Ilikuja mwaka 1993 pamoja na Windows NT, na leo ndiyo ya kawaida ndani ya kompyuta za Windows. Ina daftari la shughuli, na inaweza kumruhusu mhasibu kufungua folda ya hesabu huku ikimzuia mgeni. Linux za siku hizi zinaisoma na kuiandika. Mac inaisoma tu, haiandiki mpaka uiongezee programu nyingine.

ext4. Hii ni ya Linux, na ilitangazwa kuwa tayari kwa kazi mwaka 2008. Ina daftari la shughuli na ruhusa za watumiaji, na ni imara. Shida ni kwamba Windows peke yake haiisomi. Mkiichomeka kwenye Windows, inaweza kuwauliza kama mnataka kuifomati, kana kwamba diski ni tupu au imeharibika, kumbe ni nzima! Hapa ndipo watu wengi hupoteza kazi zao. Jibu ni HAPANA.

Iko mingine kama ZFS na Btrfs, ambayo huweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data na kugundua kikioza. Ni mizuri kwa sava kubwa, ila inadai mtu mwenye ujuzi awe karibu. Fundi akiwa Eldoret na ninyi mko Kakuma, chagueni ule ambao mtu wa hapo hapo anaweza kuushughulikia.

4. Maswali ya kujiuliza kwanza

Yesu alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Nasi tuketi kwanza, kwa sababu mfumo wa faili huchaguliwa vizuri wakati diski ni tupu. Diski ikishajaa, kubadilisha mara nyingi ni kuhamisha kila kitu, kufomati, na kurudisha. Windows ina amri ya kugeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kitu, lakini kwa amri hiyo huwezi kurudi nyuma, na exFAT haigeuzi.

a) Diski hii inakaa au inasafiri? Hili ndilo swali la kwanza. Diski inayokaa ndani ya kompyuta ipewe mfumo wenye daftari la shughuli: NTFS kama ni Windows, ext4 kama ni Linux. Flashi inayosafiri kati ya Kakuma na Lodwar ipewe mfumo unaosomwa pande zote mbili, na kwa kawaida ni exFAT. Kosa letu lilikuwa kuifanya flashi ya safari kuwa ghala.

b) Wenzetu wanatumia kompyuta gani? Ikiwa upande mmoja una Windows na mwingine una Mac au Linux, ulizeni kabla ya kufomati. Kuuliza kwa simu ni dakika moja. Kugundua mkiwa mmeshafika ni siku nzima.

c) Stima ya kwetu ikoje? Mahali ambapo umeme unatoka kwa jenereta au sola, na unapotea bila taarifa, msitegemee kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Laptopu yenye betri nzima ina nafuu, kwa sababu betri inawapa nafasi ya kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Mfumo wa faili ulio bora zaidi bado unaumia ukizimwa kwa kunyongwa kila jioni.

d) Faili zetu ni kubwa au ni ndogo nyingi? Kumbukeni vile vijumba. Faili hata ikiwa ndogo sana, kwa kawaida huchukua kijumba kizima. Katika NTFS kijumba cha kawaida ni KB 4. Katika exFAT, diski inayozidi GB 32 ikifomatiwa na Windows hupewa vijumba vya KB 128. Sasa tuseme mna fomu 10,000 za KB 2 kila moja. Kwa vijumba vya KB 4 hazizidi karibu MB 40. Kwa vijumba vya KB 128 zinakula zaidi ya GB 1.2, na sehemu kubwa ni hewa tupu. Dawa ni mbili: zifungeni fomu hizo kuwa faili moja ya zipu kabla ya kuzibeba, au mchague kijumba kidogo wakati wa kufomati.

e) Ndani mna majina ya watu? Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Wengi walioko huko walikimbia vita na kutafutwa. Orodha yenye jina la mtu, alikotoka na ugonjwa wake si karatasi ya kawaida. Flashi ikianguka kwenye matatu, huyo mtu ndiye anayeumia, si sisi. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatutaka tuzitunze habari za watu, na habari za afya zimewekwa katika daraja la zile nyeti zaidi. FAT32 na exFAT peke yake hazina mlango wala kufuli. Diski za namna hii zifungwe kwa paswadi: Windows za daraja la Pro zina BitLocker, na Linux ina LUKS. Kwa LUKS, panga kufuli kwanza ndipo uweke mfumo wa faili juu yake, kwa hiyo amueni mapema. Na kabla ya kufunga diski ya safari, hakikisheni kompyuta ya upande wa pili inaweza kuifungua.

5. Kuandaa diski hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: Hakikisheni hakuna kitu ndani. Watu wawili watazame pamoja, si mmoja. Mmoja asome jina la diski na ukubwa wake kwa sauti, mwingine akubali. Diski nyingi zimefutwa kwa sababu mtu alibonyeza herufi D akidhani ni E.

Hatua ya pili: Gawanyeni diski kuu ya kompyuta sehemu mbili, moja ya Windows au Linux yenyewe, na nyingine ya kazi zenu. Siku Windows ikiharibika na fundi akitaka kuiweka upya, atagusa sehemu ya kwanza tu. Lakini msidanganyike kuwa hiyo ni nakala. Diski yenyewe ikifa, sehemu zote mbili zinakufa pamoja. Kama diski inazidi TB 2, mwambieni fundi atumie mpango wa sehemu unaoitwa GPT, maana ule wa zamani uitwao MBR kwa kawaida hauvuki hapo.

Hatua ya tatu: Fomatini kwa mfumo mliochagua, na muipe diski jina linaloeleweka, kwa mfano LODWAR-KAZI au KAKUMA-SAFARI-1. Andikeni jina hilo hilo juu ya diski kwa kalamu isiyofutika. Kwa fundi wa Linux: ext4 kwa kawaida huweka kando asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mkuu wa mashine. Kwenye diski ya data ya TB 1 hiyo ni kama GB 50, na inaweza kupunguzwa.

Hatua ya nne: Pangeni folda kabla kazi haijaanza. Chache zinatosha: Hesabu, Maji, Afya, Shule, Barua. Faili zianze na tarehe, mwaka mbele, kwa mfano 2024-03-15-pampu-kakuma. Hivyo zitajipanga zenyewe kwa mwaka na mwezi. Msitumie alama kama mkwaju, nukta mbili au alama ya kuuliza, kwani Windows inazikataa. Pia msiwe na "Maji" na "maji" katika folda moja. Linux inaziona ni mbili, lakini Windows kwa kawaida inaziona ni moja, na mkihamisha moja inaweza kumeza nyingine.

Hatua ya tano: Paswadi na ufunguo wa kuokolea viandikwe kwenye karatasi, vitiwe katika bahasha mbili, na zikae kwa watu wawili tofauti katika kabati linalofungwa. Diski iliyofungwa ambayo ufunguo wake umesahaulika ni sawa na diski iliyoungua.

Hatua ya sita: Fundisheni kila anayegusa kompyuta mambo matatu. Usichomoe flashi mpaka umeiambia kompyuta itoe, hata kama Windows za siku hizi zina haraka. Usijaze diski mpaka pomoni. Na ukiulizwa kufomati, toa mkono, uite mwenzako.

6. Nakala: jambo ambalo hakuna mfumo unaoliweza

Hata mkichagua vizuri namna gani, hakuna mfumo wa faili unaozuia wizi, moto, vumbi na joto, au mkono wa mtu aliyefuta kwa bahati mbaya. Mafundi wana kanuni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwetu sisi, Lodwar na Kakuma zinaweza kutunziana. Nakala ya kwanza ni ile ya kompyuta ya kazi. Ya pili ni diski ya nje inayokaa kabatini, ikichomekwa siku ya Ijumaa tu. Ya tatu inakwenda na gari mara moja kwa mwezi, ikiwa imefungwa kwa paswadi, ikakae kituo cha pili. Wenye intaneti nzuri wanaweza kupeleka kwa njia hiyo.

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si nakala bado. Kila miezi mitatu chagueni faili tano bila kupanga, muzirudishe kutoka diski ya akiba, muzifungue na kuzisoma. Zikikataa, afadhali mjue leo.

Na vitabu vya karatasi visitupwe. Parokia zinajua kwamba kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu vitunzwe kwa uangalifu, pamoja na vile vya zamani. Lodwar ilifanywa jimbo kamili mwaka 1978, na kitabu kilichoandikwa kwa wino mwaka ule bado kinafunguka bila kuuliza kama tunataka kukifomati. Kompyuta inasaidia kutafuta haraka na kuhesabu. Isiwe ndiyo shahidi wa pekee kwamba mtoto alibatizwa au alichanjwa.

7. Kwa kifupi

Diski inayokaa: NTFS au ext4. Diski inayosafiri: exFAT, au FAT32 kama mashine ya upande wa pili ni ya zamani na faili ni ndogo. Diski yenye majina ya watu: kufuli kwanza. Kila diski: mwenzake wa akiba, mahali pengine.

Sisi tulipoanza tena orodha ya visima tuliiweka ndani ya kompyuta ya Lodwar, na flashi ikawa punda wa kubebea tu. Tangu hapo flashi mbili zimetufia njiani, na hatujarudi kisimani kuuliza upya hata mara moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tajeni diski na flashi zote za ofisi yenu. Kila moja ina mfumo gani? (Katika Windows, bonyeza diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha utazame sifa zake.)

2. Kompyuta yenu ikiibiwa usiku wa leo, ni kazi gani ambayo haiko mahali pengine popote? Nani ataumia?

3. Paswadi inajulikana na watu wangapi? Huyo mmoja akiugua je?

4. Kituo gani kitakubali kuwatunzia nakala, na ninyi mtamtunzia nani?

Zoezi: Kabla ya mkutano ujao, kila kituo kiandae flashi moja ya safari kwa hatua tulizozieleza, na kuipa jina. Ileteni tuijaribu pamoja kwenye kompyuta ya mwenzako. Mungu awabariki katika kazi yenu.